Altmer, Breton au Dunmer: kabila lipi limfae mchawi wako wa Skyrim?

Skyrim, gemu ya kuigiza mhusika, inakutaka uamue mapema mno. Mkokoteni umefika Helgen, mikono yako imefungwa kamba, wanajeshi wa Imperial wanasoma majina ya wafungwa, kisha mmoja wao, Hadvar, anakugeukia akitaka kujua wewe ni nani. Papo hapo menyu ya makabila kumi inafunguka. Hujarusha hata cheche moja, hujui fani ya uchawi ya Alteration inafanya nini wala ile ya Illusion inamfaa nani, na unatakiwa kuchagua kitu ambacho gemu haitakuruhusu kukigeuza baadaye. Hata Galathil, yule fundi wa sura aliyeletwa na nyongeza ya Dawnguard na kujificha kule mji wa Riften, atakubadilishia pua na kukutoa makovu kwa dhahabu 1,000, lakini kabila hagusi.

Jibu langu nalitoa sasa hivi ili mwenye haraka aende zake. Ukitaka kuonja utamu wa uchawi kuanzia saa ya kwanza, na unajijua kwamba wahusika wako huwaacha njiani kabla hawajafika mbali, chukua Altmer, ambaye menyu inamwita High Elf. Ukipanga kumlea mhusika mmoja hadi leveli 40 na kupanda, tena kwenye ugumu wa juu, chukua Breton. Dunmer, yaani Dark Elf, ni wa mtu mwenye mpango maalumu, na mpango wenyewe nitautaja. Saba waliobaki wanawezekana, ila ukimchukua mmoja wao iwe ni kwa kupenda, usitafute sababu za kihesabu.

Stadi: ubishi mwingi, faida ndogo

Kila kabila linakuja na nyongeza kwenye stadi za kuanzia, uwezo wa kudumu unaofanya kazi bila kuuamsha, na nguvu moja ya kutumia mara moja kwa siku ya ndani ya gemu. Watu wakibishana kuhusu makabila hukimbilia stadi, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwenye menyu. Stadi zote zinaanza kwenye 15. Kabila linaongeza 10 kwenye stadi moja na 5 kwenye nyingine tano. Hizo tano tano zisikuumize kichwa. Altmer ana 5 za ziada kwenye Restoration (fani ya uponyaji), Breton pia anazo, Dunmer hana. Atakayejiponya majeraha ya mapango mawili ya mwanzo ameshazipata bila kuzitafuta.

Zile 10 ndizo zenye jambo, tena kwa sababu moja tu: 15 na 10 ni 25, na 25 ndicho kiwango kinachofungua perki (uboreshaji wa stadi unaouchagua ukipanda leveli) ya Apprentice, daraja la pili la uchawi, katika kila fani. Perki hiyo inakata nusu ya bei ya uchawi wote wa daraja hilo. Altmer anaanza na Illusion (kuchezea akili za watu) 25, Breton na Conjuration (kuita viumbe) 25, Dunmer na Destruction (kushambulia) 25.

Tazama inavyofanya kazi. Firebolt, mshale wa moto ambao kila mchawi wa Destruction anaununua mapema, bei yake ya msingi ni magicka (nishati ya uchawi) 41, na kwa mchawi mchanga inashuka hadi kama 35. Dunmer ana magicka 100, kwa hiyo anarusha mishale miwili na kubaki na makombo. Akiweka perki zake mbili za kwanza kwenye Destruction, mshale mmoja unamgharimu kama 17, na sasa anarusha mitano. Altmer anaanza na 150, hivyo anarusha minne bila perki yoyote. Siku atakapoifikisha Destruction yake kutoka 20 hadi 25 na kuchukua perki ileile, anarusha minane. Uongozi wa Dunmer kwenye moto, kwa maneno mengine, hauna maisha marefu.

Kwa Breton mambo ni tofauti kidogo, maana Conjuration ni fani inayopanda polepole mtu anapokuwa hana magicka. Kila mmoja anaanza gemu na Flames na Healing. Juu ya hizo Breton anapewa Conjure Familiar, mbwamwitu wa kuitwa, ambaye akimwita mara moja karibu magicka yote inakwenda. Atronach ya moto, kiumbe mwingine wa kuitwa, bei yake ya msingi ni 150, na kwa Breton asiye na perki haiitiki kabisa hata awe amenunua kitabu. Akishaweka perki mbili, inashuka hadi kama 63, na hapo mchezo unabadilika: ana mpiganaji wa kumtanguliza mbele kwa dakika nzima huku yeye amesimama nyuma ya nguzo. Altmer anaweza kuiita bila perki kwa kama 129, lakini akishaiita amebaki mtupu, na adui akiifikisha atronach chini, yeye ni mtu mrefu mwenye joho.

Magicka 50 dhidi ya kinga ya asilimia 25

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, na ndipo ninapoona maelezo mengi yanapita juujuu.

Uwezo wa kudumu wa Altmer ni magicka 50 za ziada. Wa Breton ni kinga ya asilimia 25 dhidi ya uchawi wote: moto, barafu, umeme, pumzi ya joka. Wa kwanza ni kiasi kisichobadilika, wa pili ni sehemu ya kila pigo utakalopigwa. Kwa kuwa kila leveli inakupa pointi 10 za kuweka kwenye magicka, uhai au stamina, zile 50 za Altmer ni sawa na leveli tano ambazo hatahitaji kuzitumia kwenye magicka. Anaweza kuzipeleka kwenye uhai. Kwa hiyo swali halisi ni hili: uhai 50 wa ziada, au robo ya uchawi wa adui isikufikie?

Chukua wachawi wawili wa leveli 20, wote wanataka magicka 250, na wamepanda leveli mara 19. Altmer anatumia 10 kufika 250, zinabaki tisa za uhai: uhai wake ni 190. Breton anatumia 15, zinabaki nne: uhai wake ni 140. Dhidi ya uchawi, uhai 140 wenye kinga ya robo unahimili mapigo ya 187 hivi. Yaani kwenye leveli 20 hawa wawili wanatoshana nguvu mbele ya mchawi adui, na mbele ya jambazi mwenye shoka Altmer anamzidi mwenzake kwa mbali, kwa sababu kinga ya Breton haina habari na chuma. Dubu nao hawarogi.

Sasa wapeleke leveli 40, wote wakitaka magicka 300. Altmer ana uhai 340, Breton 290. Kinga ya Breton inaifanya 290 ihimili kama 387. Ameshamwacha. Ukikokotoa mahali wanapopishana, utaona ni pale Breton anapokuwa na uhai 150. Chini ya hapo Altmer ndiye mgumu kuuawa, hata kwa uchawi. Juu ya hapo Breton anaanza kwenda mbele, na kila leveli pengo linapanuka.

Ndiyo maana huwa nashangaa mtu anapoambiwa achukue Breton kwa sababu "ni salama kwa anayeanza." Anayeanza ndiye asiyefaidi. Faida ya Breton inamlipa mvumilivu.

Kitu kimoja kinaweza kuyavuruga mahesabu haya, nacho ni umeme. Uchawi wa umeme haukupunguzii uhai tu, unakula na magicka yako, na kwa mchawi huo ni msiba juu ya msiba. Hakuna kabila kati ya kumi lenye kinga maalumu ya umeme. Nord ana barafu, Dunmer ana moto, umeme hauna mwenyewe. Kinga ya jumla ya Breton ndiyo pekee inayougusa tangu siku ya kwanza.

Nguvu za mara moja kwa siku

Highborn ya Altmer ni silaha nzito kuliko maelezo yake yanavyoonyesha. Kwa sekunde 60 unarudishiwa asilimia 25 ya magicka yako yote kila sekunde. Linganisha na kawaida: nje ya vita magicka inarudi asilimia 3 kwa sekunde, na vitani inashuka hadi kama theluthi ya hiyo. Ukiamsha Highborn, ukiwa mtupu kabisa unajaa ndani ya sekunde nne. Kwa dakika moja wewe huna bei. Mkubwa wa pango, joka la mwanzo, genge la majambazi lililokuzingira ngazini, unarusha tu mpaka kimya kirudi. Hii ndiyo sababu nawaambia watu wanaocheza mara ya kwanza wachukue Altmer: kila siku ya gemu ina pambano moja ambalo umekatiwa tikiti.

Dragonskin ya Breton, kwa sekunde 60, inakupa nafasi ya asilimia 50 ya kuunyonya uchawi unaorushiwa, na kinachonyonywa kinageuka kuwa magicka yako. Ni nzuri sana ukikutana na mchawi au joka, na haina kazi yoyote mbele ya jitu lenye rungu. Ancestor's Wrath ya Dunmer inakuzungushia moto unaomchoma anayekukaribia pointi 8 kila sekunde kwa dakika moja. Inasikika vizuri, ila mchawi mwenye akili hataki kukaribiwa, na kuanzia leveli 15 hivi pointi 8 ni kero tu kwa adui.

Mwisho wa safari ndipo Altmer anapochuja

Mchawi wa Skyrim akiwa mkubwa hukutana na tatizo ambalo halihusu kabila: nguvu ya uchawi wa Destruction haipandi kwa sababu stadi imepanda. Stadi ikipanda, bei inashuka, basi. Njia ambayo karibu kila mtu anaishia kuifuata ni Enchanting, stadi ya kutia uchawi kwenye mavazi na silaha. Ukiifikisha 100 pamoja na perki zake na vito vya roho vya daraja la juu, kila vazi linapunguza bei ya Destruction kwa asilimia 25. Kofia, joho, pete, mkufu: vitu vinne, asilimia 100, na sasa unarusha bure. Perki ya Extra Effect inakuruhusu kuweka fani ya pili kwenye vazi lilelile, nayo ikawa bure.

Siku hiyo magicka 50 za Altmer zinabaki kuwa namba ya mapambo, na Highborn inakuwa haina cha kujaza. Alichobaki nacho kimekuwa ni zile pointi 50 alizoweka kwenye uhai.

Breton siku hiyohiyo bado anavuna. Kinga za uchawi zinajumlishwa, na kikomo chake ni asilimia 85. Perki ya Magic Resistance ndani ya Alteration inatoa 30 ukiifikisha mwisho. Jiwe la Lord, mojawapo ya mawe yanayokupa baraka ukiyagusa, linatoa 25. Baraka ya Mara, mungu wa mapenzi, ile ya kupeleka ujumbe wa mapenzi ya watu huku na huko kwa niaba ya hekalu la Riften, inatoa 15. Altmer akikusanya vyote vitatu ana 70, na bado atatafuta pete au mkufu wa kuziba pengo. Breton akiwa na perki na jiwe tu ana 80. Akimtembelea na Mara amegonga dari.

Usiione tofauti ya 70 na 85 kuwa ni ndogo. Kwa 70, uchawi wa pointi 100 unakufikia kwa 30. Kwa 85 unakufikia kwa 15. Ni nusu kamili. Kwenye ugumu wa Legendary, wa juu kabisa, ambao pigo la adui linaumiza mara tatu na lako linaumiza robo tu, nusu hiyo ndiyo kuishi.

Tena kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote. Breton anayetosheka na 70 anaweza kuliacha jiwe la Lord na kuchukua la Atronach, lililoko kwenye chemchemi za moto kusini mwa mji wa Windhelm. Jiwe hilo linampa magicka 50, yaani kilekile alichojivunia Altmer, na juu yake nafasi ya asilimia 50 ya kunyonya kila uchawi anaorushiwa. Gharama yake ni kwamba magicka inarudi kwa nusu ya kasi, jambo linalouma sana leveli 10 na halina maana yoyote ukishavaa mavazi ya kurusha bure. Tahadhari kwa mpenda Conjuration: kunyonya huko wakati mwingine kunameza hata kiumbe unayemwita mwenyewe, ukabaki umenyoosha mkono hewani.

Dunmer na damu ya vampaya

Kinga ya Dunmer ni asilimia 50 dhidi ya moto peke yake. Moto ni mwingi Skyrim, lakini si kila kitu: makaburini draugr (wafu waliofufuka) wanarusha barafu, na majoka ya barafu yapo. Kwa mchawi wa kawaida ningemweka Dunmer wa tatu bila kusita.

Mpango unaompandisha ni uvampaya. Vampaya wa Skyrim ni dhaifu mbele ya moto, na asipokunywa damu udhaifu unazidi. Kabila lililozaliwa na nusu ya kinga ya moto linafidia sehemu kubwa ya adhabu hiyo. Ukitazama na stadi nyingine za Dunmer, Illusion na Sneak zote zimeongezwa, picha inajichora yenyewe: mchawi wa usiku, anayepita nyuma ya watu, anayewagombanisha walinzi kwa Illusion na kuondoka kabla hawajajua kilichowapata. Ukicheza Dawnguard upande wa Harkon, mkuu wa vampaya, sioni kabila linalomzidi.

Wengine, haraka

Imperial ni chaguo la heshima. Restoration yake inaanza 25, Destruction na Enchanting zimeongezwa, na bahati yake inamfanya aokote dhahabu nyingi zaidi. Vitabu vya uchawi ni ghali mwanzoni, kwa hiyo hilo si dogo. Voice of the Emperor inawatuliza watu walio karibu kwa dakika moja, na mara nyingi dakika moja inatosha kutafuta mlango. Redguard ana 5 za Destruction na 5 za Alteration, ila nguvu yake ya siku inarudisha stamina, ambayo mchawi haitumii. Orc anafaa kwa mchawi wa chuma, mwenye deraya nzito na moto mkono wa kushoto. Enchanting yake imeongezwa pia. Argonian anajiponya haraka mara kumi kwa dakika moja, na kwa mtu mwenye joho hiyo ni bima nzuri kuliko wengi wanavyoihesabu. Khajiit na Bosmer (Wood Elf) ni wa upinde na giza. Nord ana barafu yake, basi.

Dunia itakavyokutazama

Hii haimo kwenye namba lakini utaishi nayo muda wote. Hadvar tangu Helgen atamuuliza Altmer kama si mtu wa ubalozi wa Thalmor (watawala wa Altmer), na kila utakapopita kwenye nchi inayowachukia Thalmor utaelewa kwa nini kauliza. Dunmer akiingia Windhelm atawakuta watu wake wamerundikwa mtaa wa Gray Quarter, wakimbizi wa Morrowind ambao wenyeji hawajawazoea hata baada ya vizazi. Kuwa mchawi Dunmer chini ya Ulfric, mtawala wa Windhelm, kuna ladha yake chungu, na kwa anayependa kuigiza mhusika kwa dhati hiyo ladha ina thamani kuliko asilimia yoyote niliyoitaja. Breton anapita. Damu yake imechanganyika ya binadamu na ya elf, hana adui wa jadi wa kumngoja langoni, na hilo linaweza kuwa raha au ubwege kutegemea unataka nini.

Chuo cha uchawi cha Winterhold hakibagui. Savos Aren anayekiongoza ni Dunmer, Mirabelle Ervine anayekiendesha ni Breton, Faralda anayekupa mtihani darajani ni Altmer, na miongoni mwa wanafunzi wenzako yupo Onmund, Nord kutoka kwenye watu wasiopenda uchawi hata kidogo. Kwa hiyo ukiwa umeshampenda Nord wako na ndevu zake, mlango uko wazi. Utapata shida zaidi hadi leveli 20, basi.

Anayecheza kwenye kompyuta ana upenyo mmoja: amri ya showracemenu kwenye konsoli inafungua tena ile menyu ya Helgen. Itumie ukiwa bado mchanga, ukiwa umehifadhi mchezo kwenye faili ya pembeni, kwa sababu kubadili kabila kwa njia hiyo kunaweza kurudisha stadi zako zote kwenye viwango vya kuanzia. Wa PlayStation na Xbox hana upenyo huo, na ndiye hasa anayepaswa kuamua kabla mkokoteni haujasimama.